Mlinzi Mmoja wa Majumba Yote

Jumatatu Athanas aliingia kwenye mfumo baada ya kifungua kinywa, na kabla chai ya saa nne haijaiva alikuwa ameshatoweka.

Nasimiyu, fundi aliyeunda mfumo huo wa kuandikisha wafanyakazi wa kampuni ya ulinzi, alimwona kwa macho yake akiingia. Alisimama nyuma yake pale kwenye kompyuta ya mlangoni, akamtazama akidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku aliyechoka: jina, nambari ya simu, siku aliyoanza kazi, kisha kitufe cha kuhifadhi. Maneno ya kijani yakajitokeza: Imehifadhiwa. Athanas akashukuru, akapanda ngazi kwenda kulala, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku huko West Bay, katikati ya Doha. Akafuata Collins, naye akadonoa, naye akapewa kijani chake. Nasimiyu akarudi mezani kwake, akafungua orodha. Collins yupo. Athanas hayupo. Akaja Reuben. Reuben yupo, Collins ameyeyuka. Ilikuwa kama nyumba yenye kiti kimoja tu: kila anayeketi anamwinua aliyeketi, na aliyeinuliwa haonekani tena hata barabarani.

"Wewe kitu, unataka nini kwangu?" akaiuliza kompyuta.

Kompyuta ilivuma feni yake tu, kama mzee anayesinzia kanisani.

Kilichomkera zaidi ni yale maneno ya kijani. Afadhali mashine ingekataa. Ingepiga kelele, ingemwaga maneno mekundu, ingezimika mbele za watu, angejua pa kuanzia. Lakini hii ilikuwa inapokea watu kwa heshima zote, inawaambia wamefika, halafu inawameza. Na ajabu ni kwamba haikuwameza wote. Madereva waliokaa kwenye nyumba ya kampuni kule Al Thumama waliingia wakakaa, kila mtu na mstari wake. Walinzi wa hapa Muaither, ambao walilala ghorofa ya juu ya ofisi hii hii, hawakukaa hata mmoja, isipokuwa aliyeingia mwisho.

Basi Nasimiyu akaanza kulaumu kila kitu chenye umbo. Alibadilisha waya. Alibadilisha kompyuta ya mlangoni, akaleta nyingine iliyokuwa stoo chini ya makoti ya mvua, makoti ambayo nani aliyanunua kwa ajili ya Doha hakuna aliyejua. Alipuliza vumbi, na vumbi la Muaither ukilipuliza leo linarudi kesho na jamaa zake. Walinzi wakawa wanatoweka vile vile, kwa waya mpya na kwa kompyuta safi.

Angeweza kuvumilia haya yote kama si safari. Alhamisi hiyo alitakiwa awe ndani ya ndege. Jumamosi, huko Chwele, Bungoma, wageni walikuwa wanakuja kwa kaka yake kumposa Jennifer, na Jennifer ni binti wa kaka, kwa hiyo Nasimiyu ndiye senge, shangazi yake. Kwa Wabukusu, shangazi wa upande wa baba si mtu wa kualikwa akaja kula. Ndiye anayekaa na msichana chumba cha ndani, ndiye anayetumwa kumuuliza kama hao watu walioko sebuleni anawajua, na jibu hupitia kinywani mwake likawafikia wazee. Masenge wengine wa ukoo walikuwa wameshazikwa. Kaka yake alimwambia kwenye simu bila kupamba: "Usipokuja, watakula kuku, watakunywa soda, watarudi walikotoka. Mimi sitatoa msichana kama mtu anayeuza gunia la viazi."

Na siku hizo, mwaka wa 2015, hukutoka Qatar kwa nguvu za tiketi peke yake. Mwajiri alikuandikia kibali cha kutoka nchini. Bila kibali ungeburuta sanduku lako hadi kwenye dirisha la uhamiaji, na ungeliburuta kurudi nalo nyumbani. Kibali cha Nasimiyu kilihitaji sahihi ya mudir, yaani mkurugenzi wa kampuni, na mudir hakusaini karatasi yoyote ambayo Cornelius hakuiweka mezani kwake kwa mkono wake mwenyewe.

Cornelius ndiye aliyekuwa mkuu wa shughuli za walinzi. Alitoka Kitale, alistaafu jeshi la magereza huko nyumbani, na duniani alipenda mambo mawili: kupiga simu na kupokelewa. Walinzi walisema mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapinda kabisa kwa kushika simu, kiasi kwamba hata akila wali kijiko kilipitia sikioni kwanza kabla ya kufika mdomoni. Walisema aliwahi kumpigia mtu aliyekuwa ndotoni, akamuuliza kwa nini hajavaa kofia, na mtu akaamka akiwa ameivaa.

Masharti yake yalikuwa mafupi. "Walinzi wote ndani ya mfumo, ndipo kibali kinakwenda kwa mudir. Mfumo kwanza, harusi baadaye."

"Si harusi, mkubwa. Ni posa."

"Hata hiyo."

Jumanne hiyo, chai ya saa nne ilipokwisha kunywewa, Cornelius aliingia ofisini kwa Nasimiyu na karatasi ya zamu iliyotoka kwenye printa, uso umemchanua kama mtu aliyepata mtoto.

"Madam, huyu Kiprono ni nani?"

"Ni mlinzi. Analala kile chumba cha mwisho juu."

"Ni mtu wa ajabu sana. Wiki jana alilinda lango la hoteli. Saa ile ile alikuwa kwenye maegesho ya lile jumba la vioo la pili yake. Saa ile ile yuko kwenye bohari ya viti, kilomita ngapi huko. Hakuchelewa popote."

Nasimiyu alifumba macho. Kiprono ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia jana yake jioni, wakati karatasi ilipochapishwa. "Mkubwa, huyo si mtu mmoja."

"Nimemwona. Ni mmoja, tena mwembamba."

"Namaanisha mfumo umewachanganya. Zamu za walinzi wote zimemwangukia yeye."

"Na amezibeba," Cornelius akasema. "Hajalalamika. Nataka awe mfanyakazi bora wa mwezi. Tutatundika picha yake hapo juu ya mashine ya maji."

"Mkubwa, tafadhali. Ni hitilafu."

Cornelius akavuta kiti, akakaa. Neno hitilafu alilielewa. Lilimaanisha kuna mtu wa kulaumiwa. "Nieleze polepole. Nani anakosea?"

Nasimiyu akavuta pumzi. "Mimi sizungumzi na hifadhidata moja kwa moja. Hifadhidata inajua majedwali tu, mistari na safu. Mimi kwenye programu yangu namjua mlinzi. Namwunda: huyu hapa, ana jina, ana simu, ana siku ya kuanza kazi. Kisha nasema, mhifadhi. Katikati yetu kuna tabaka linalopokea maneno yangu, linayageuza kuwa lugha ya majedwali, na kuyapeleka. Wanaliita ORM. Ni kama mkalimani."

"Huyo ORM ni wa nchi gani?"

"Si mtu. Ni programu."

"Ana mkataba?"

"Hana. Ni wa bure, mtu yeyote anamtumia."

"Basi shida umeshaipata," Cornelius akasema, akainuka na karatasi yake. "Unampa kazi ya watu mtu asiye na mkataba, halafu unashangaa watu wakipotea. Mfukuze uweke mwingine. Na Alhamisi saa sita mchana ndiyo mwisho, mudir ana safari zake."

Alipotoka, Nasimiyu aliegemeza paji la uso mezani, akakaa hivyo mpaka kibao cha herufi kikamchora miraba kwenye ngozi.

Jumatano asubuhi akafanya kile ambacho angefanya tangu mwanzo kama hasira isingekuwa imemkalia kichwani. Alifungua dirisha linaloonyesha kila neno ambalo mkalimani analipeleka kwenye hifadhidata, neno kwa neno, bila kupambwa. Kisha akamwita Reuben kutoka juu, akamwomba ajiandikishe tena. Reuben alishuka na ndala na taulo shingoni.

"Dada, hii ni mara ya ngapi sasa? Hata ubatizo ni mara moja."

"Andika tu, Reuben."

Reuben akaandika. Kijani kikatokea. Nasimiyu akaangalia lile dirisha lake. Alitarajia kuona amri ya kuingiza mstari mpya. Hakuiona. Mkalimani alikuwa amepeleka amri ya kubadilisha mstari uliokuwepo: palipokuwa na jina la Collins, aliyekuwa wa mwisho kujiandikisha jana yake, weka Reuben.

Hapo ndipo damu ilipomtulia. Mkalimani hakukosea hata herufi. Alikuwa ametii. Nasimiyu mwenyewe ndiye aliyempa agizo: mtu akija, mtafute kwa nambari yake ya simu, ukimkuta, sahihisha habari zake, usipomkuta, unda rekodi mpya. Ni agizo zuri kabisa, linazuia mtu mmoja kuandikwa mara tatu. Na kwa nini simu? Kwa sababu mwanzoni alitaka nambari ya kitambulisho cha Qatar, lakini wafanyakazi wapya wanaofika kila wiki hukaa muda kabla ya kukipata. Akapendekeza pasipoti. Cornelius akakataa katakata. "Pasipoti haipigiwi simu," alisema. "Simu ndiyo mtu. Mtu asiye na simu mimi namtafutia wapi?"

Basi kama mkalimani alimkuta Collins alipomtafuta Reuben, maana yake ni moja tu. Nasimiyu alikuwa ameificha safu ya simu kwenye orodha, kwa kuwa skrini ilikuwa nyembamba. Sasa akaifunua, akamwita na Collins, akamwita na Oloo, akatazama walichoandika mmoja mmoja. Nambari ile ile. Akapekua kumbukumbu za nyuma kwenye dirisha la mkalimani. Athanas, Kiprono, Onyango, ghorofa nzima: nambari ile ile, tarakimu kwa tarakimu, bila mtu kutetereka.

Akainua simu ya mezani akaipiga nambari hiyo.

Ililia juu ya kichwa chake. Haikuwa mbali, ilikuwa pale pale darini, ule mlio wa Nokia za zamani ambao hata marehemu anaujua. Ikalia, ikalia. Akasikia watu wakicheka juu. Hakuna aliyepokea.

Wanawake hawakuruhusiwa kupanda nyumba ya walinzi, kwa hiyo alisimama kwenye ngazi ya kwanza na kuita. "Oloo. Shuka na hiyo simu."

Oloo alikuwa kama mzee wa ghorofa ile, mtu wa Homa Bay mwenye kifua kama kabati, aliyefika Doha kabla ya wengi wao na kuapa kila mwaka kwamba ndio wa mwisho. Alishuka polepole. Mkononi alikuwa na kisimu kimekwaruzika, kioo kimepasuka, waya wa chaji umening'inia kama mkia.

"Ni ya nani hii?"

"Ni ya wote, dada."

"Oloo, sina nguvu za mafumbo."

"Si mafumbo. Hukaa kwenye msumari pale mlangoni, kwenye chaji, mwaka mzima. Ofisi ikiuliza nambari, tunatoa hiyo." Akaketi kwenye ngazi, akaona hakuna njia ila kusema yote. "Unamjua Cornelius. Ijumaa ndiyo siku moja mtu anafua, anakwenda kanisani au msikitini, anaongea na watoto wake nyumbani. Yeye Ijumaa ndiyo anaamka mapema. Fulani ameumwa, njoo usimame langoni. Ukipokea, umekwisha, ukikataa, anakukumbuka. Sasa zamani Onyango alipoteza simu, akampa Cornelius nambari ya hii ya kukopa. Tukaona Onyango peke yake ndiye anayepumzika. Tukaamua wote tuwe Onyango."

"Na yeye hajagundua?"

"Anasoma majina, hasomi nambari. Akipiga, tunakaa kitandani tunaitazama ikilia kama watu wanaotazama mpira. Kuna wakati ililia mpaka ikajigeuza ukutani yenyewe."

Nasimiyu hakujua acheke au alie. Siku zote mbili alizokuwa akibadilisha waya, wanaume wazima walikuwa juu yake wamelala wakiwa mtu mmoja. "Oloo, mimi Jumamosi natakiwa Bungoma. Msichana wa kaka yangu anaposwa. Mkiwa mtu mmoja kwenye mfumo, Cornelius haniachii kibali."

Oloo alikwaruza kidevu. Habari za posa hazikuhitaji kuelezwa mara mbili. "Kwa hiyo unataka nambari zetu za kweli."

"Nikizichukua, atazipata."

"Atazipata kabla jua halijatua."

"Basi sizitaki," Nasimiyu akasema. "Nataka nambari za pasipoti. Kila mtu aje ajiandikishe upya, wale walioandikwa juu yao wamefutika, siwezi kuwafufua. Sehemu ya simu mwandike mnachotaka."

"Nambari ya pasipoti ninayo kichwani kuliko jina la mama mkwe," Oloo akasema. "Niachie hao watu."

Alirekebisha mstari mmoja. Mtafute kwa pasipoti, si kwa simu. Mstari mmoja, baada ya siku zote zile za kuzozana na vumbi. Ilimuuma kuliko kama ungekuwa mrefu. Alhamisi tangu alfajiri walinzi wakawa wanashuka kwa zamu, waliotoka kazini na waliokuwa wanaelekea, wakadonoa, wakapata kijani chao. Nasimiyu hakukiangalia kijani. Aliangalia lile dirisha la mkalimani: ingiza, ingiza, ingiza. Na orodha ikarefuka. Athanas alikaa. Collins alikaa chini yake. Kiprono akawa mlinzi wa kawaida mwenye lango moja, na kwa kweli alionekana kupungua kimo kidogo.

Karibu na saa sita Cornelius akaja, akasimama nyuma ya kiti cha Nasimiyu, akateremsha orodha kwa kidole. Akaridhika. Karatasi ya kibali ilikuwa kwapani. Halafu akafanya jambo ambalo Nasimiyu, kwa akili zake zote, hakuwa amelifikiria. Akatoa simu.

"Ngoja tuone kama inafanya kazi," akasema. "Tuanze na Athanas."

"Mkubwa, Athanas ametoka zamu, analala."

"Ataamka."

Akatafuta jina la Athanas kwenye simu yake, akabonyeza. Hapakuwa na la kufanya. Juu ya vichwa vyao Nokia ikaanza kulia. Ikalia mara ya kwanza, ikalia mara ya pili, na Cornelius akatazama dari. Kisha ikatokea kitu ambacho ghorofa ile haikuwahi kukiona tangu msumari ulipopigiliwa. Simu ikapokelewa.

"Haloo, Athanas hapa, mkubwa," sauti ikasema, na ilikuwa ya Athanas kweli. Nasimiyu akaona miguu ya Oloo kwenye ngazi: alikuwa akisikiliza jina linaloitwa na kulipeleka juu.

"Umepokea haraka."

"Ndivyo nilivyo, mkubwa."

Cornelius akakata, macho yamemng'aa. "Collins." Ikalia. Juu ikasikika miguu ikikimbia, kitu kikaanguka, mtu akatukana kwa Kiluo. "Collins anaongea," ikasema sauti nyingine ikihema. "Reuben." Miguu ikakimbia upande wa pili, mlango ukagonga, maji yakasikika yakifungwa. "Ndiyo mkubwa, Reuben, nilikuwa naoga."

"Kwa nini naisikia ikilia hapo juu?"

"Wanapenda mlio mmoja," Nasimiyu akasema. "Ni mtindo siku hizi."

Cornelius alitazama tena dari, na Nasimiyu akasikia tiketi yake ikiunguzwa pembeni. Lakini bwana yule alikuwa amepokelewa mara tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea katika maisha yake ya kazi, magereza na nje ya magereza. Furaha ilimziba masikio. Akapiga tena, safari hii kutoa maagizo. Athanas, kesho uje lango la hoteli. Collins, kesho maegesho. Reuben, bohari. Na wote watatu, kwa kuwa walikuwa wameshapokea, walijibu ndiyo mkubwa. Kisha akachukua karatasi akaenda kwa mudir akipiga mluzi, na muda si mrefu akarudi nayo imesainiwa.

"Nenda kaozeshe," akasema. "Ratiba ya kesho nitaiingiza mwenyewe jioni."

Teksi ya Karwa ilikuwa mlangoni, sanduku limeshapakiwa, Nasimiyu alipomkuta Oloo ameziba geti kwa kifua chake. Nyuma yake walisimama Athanas na Collins, na Reuben mwenye povu la sabuni sikioni.

"Tumekupokelea simu zako, dada," Oloo akasema. Hakupaza sauti. "Sasa Ijumaa yetu iko wapi?"

"Oloo, ndege yangu."

"Naiona. Athanas ana siku sita anasimama. Kesho mke wake alikuwa amuonyeshe mtoto kwenye video. Na sasa Cornelius anajua tunapokea. Ijumaa ijayo atapiga, na ile nyingine."

Dereva wa teksi akapiga honi. Nasimiyu alitazama saa, akatazama wale watu, akajiambia kwamba hii haikuwa kazi yake, kwamba yeye ni mtu wa kompyuta, na kwamba senge akichelewa uwanjani hakuna wa kumlaumu ila yeye. Halafu akasonya, akafungua mlango wa teksi, akaketi na miguu nje, na kufungua kompyuta ndogo magotini.

Uzuri wa mkalimani ni kwamba kila kitu kinapitia kwake. Cornelius angeingiza zamu kwa kompyuta ya mlangoni, kwa ya mezani, kwa ya mudir, lazima ingepita mlango ule ule kabla ya kuhifadhiwa. Nasimiyu akaweka sharti mlangoni: kabla ya kuhifadhi zamu yoyote, hesabu siku za huyu mtu, akiwa amefanya kazi siku sita mfululizo, kataa. Hata sheria ya Qatar yenyewe ilimpa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kwa wiki, kwa hiyo hakubuni kitu. Na kwa kuwa alikuwa amechoshwa na kijani kinachodanganya, akaandika ujumbe wa kukataa kwa herufi nyekundu nene: Huyu anapumzika. Zamu haikuhifadhiwa. Akaupeleka kwenye seva, akafunga.

"Zamu za nyuma nilishawarudishia wenyewe tangu asubuhi," akamwambia Oloo. "Mfumo unajua nani amesimama siku ngapi. Atakachojaribu, kitakataa."

"Na akikukasirikia?"

"Ndiyo maana nakuomba utoke getini."

Oloo akatoka getini mbio, akapiga bati la teksi kama anayefukuza ng'ombe.

Watu walisema kibali kilichosainiwa mchana kinaweza kufutwa alasiri kwa simu moja ya mudir. Nasimiyu alikuwa kwenye foleni ya uhamiaji, mbele yake familia yenye watoto wengi kuliko pasipoti, simu yake ilipolia. Cornelius. Nasimiyu alidhani bwana yule angeingiza ratiba jioni. Alikuwa ameshindwa kungoja.

"Madam, mfumo umenikataa."

"Pole mkubwa. Umekuambia nini?"

"Nyekundu. Kwamba Athanas anapumzika. Nani amemwambia anapumzika?"

Foleni ikasogea hatua moja. "Hebu ijaribu tena, mkubwa. Polepole. Huenda kidole kiliteleza."

Akasikia kibao cha herufi kikipigwa kwa vidole vya mtu aliyewahi kufunga malango ya chuma. "Nyekundu."

"Zima kompyuta, uiwashe."

"Nizime kabisa?"

"Kabisa. Na ukiwasha, uiache ipumue."

Mtoto mmoja wa mbele akakataa kupigwa picha. Akalia, akabembelezwa na afisa, akaonyeshwa kalamu, akalia zaidi. Nasimiyu alikuwa tayari kumbeba yeye mwenyewe na kumpitisha dirishani kama kifurushi. Simuni Cornelius alikuwa anahema. "Inawaka," akatangaza. "Bado inawaka. Imetokea mawingu. Niingie?"

"Ingia, mkubwa. Jaribu Collins."

"Nyekundu."

"Reuben?"

"Nyekundu na huyo. Madam, nampigia mudir, aite fundi mwingine."

"Mudir atakuuliza ulibonyeza nini, mkubwa. Hebu niambie umebonyeza nini, nikuandalie jibu."

Cornelius akaanza kueleza alichobonyeza tangu mwanzo, na alikuwa mtu wa kueleza. Watoto wakapita. Nasimiyu akasukuma pasipoti yake chini ya kioo, simu ikiwa bado imebanwa kati ya sikio na bega. Afisa akaichukua, akatazama skrini yake, akatazama uso wake, akatazama tena skrini. Cornelius alikuwa amefika kwenye kitufe cha tatu. Afisa akapiga muhuri, akarudisha pasipoti bila neno, na Nasimiyu akavuka mstari wa njano akasimama ng'ambo.

"Mkubwa," akasema, "haitaacha kuwa nyekundu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si hitilafu. Nimeiandika mimi leo mchana. Mtu akifanya siku sita, ya saba haihifadhiki. Ndiyo sheria ya hapa, unaweza kumuuliza mudir akusomee."

Kibao cha herufi kikapigwa tena, mara mbili, kwa nguvu.

"Itoe."

"Nimeshavuka uhamiaji."

"Basi nani kesho atasimama langoni? Hoteli inataka mtu. Bohari inataka mtu. Mimi watu nitawatoa wapi?"

"Muulize mudir aajiri wengine, mkubwa. Tuko na majumba mengi kuliko watu, hilo ndilo neno lenyewe, na simu haitaongeza hata mmoja."

"Unarudi lini?"

"Posa ya kwetu haina haraka. Wazee wanapenda kubishana."

Cornelius akaanza upya. Alizungumzia nidhamu, akazungumzia magereza ya Kitale, akazungumzia mkalimani asiye na mkataba ambaye alishamwonya juu yake mapema. Nasimiyu hakuwa na moyo wa kumkatia mtu aliyependa simu kiasi kile. Akaiweka mfukoni ikiwa bado inaongea, akaenda kutafuta duka la tende za kuwapelekea wakwe.